Sarafu Yenye Kosa: Ni Mali au Ni Mtego?

Jioni moja kijana mwanafunzi alikuja kutubishia hodi. Mkononi alishika kitambaa kilichofungwa fundo, na katika fundo lile mlikuwamo sarafu moja ya kale. Ilikuwa ya faranga mbili, yenye pembe sita na sura ya tembo, iliyopigwa mwaka 1943 kwa ajili ya Kongo ya Wabelgiji. Babu yake alimwachia alipofariki. Pembe moja ya sarafu ile ilikuwa imepungua, utadhani imetafunwa na panya.

«Mwalimu,» akatuambia, «mtu mmoja sokoni ameniambia ya kwamba sarafu hii ina kosa la kiwandani, na kwamba sarafu za namna hii huuzwa Ulaya kwa bei ya nyumba. Yeye yu tayari kunitafutia mnunuzi. Ila kwanza nimpe fedha za kuandikisha barua ya ushuhuda.»

Tukamwuliza: «Fedha kiasi gani?» Kijana akainamisha kichwa. Zilikuwa sawasawa na fedha za masomo yake ya miezi mitatu, nazo zilikuwa tayari mfukoni mwake.

Hatukumcheka. Uongo mtupu hunasa watu wachache. Uongo uliochanganywa na ukweli ndio unaonasa wengi. Na maneno ya mtu yule wa sokoni yalikuwa na ukweli ndani yake. Ziko kweli sarafu ambazo zilikosewa kiwandani, na kwa sababu ya kosa lile lile zimenunuliwa kwa fedha nyingi mno. Basi tulimwomba kijana asimpe mtu yule kitu chochote mpaka kesho yake, tukaketi naye kando ya taa, tukamweleza haya tunayowaeleza ninyi leo.

Jinsi sarafu inavyozaliwa

Mtu hawezi kutambua kosa la fundi asipoijua kazi ya fundi. Kwa hiyo tuanzie kiwandani.

Kwanza madini huyeyushwa, kisha hunyooshwa hata yakawa ukanda mrefu mwembamba. Mashine hukata katika ukanda huo visahani vidogo vya mviringo, kama mama anavyokata unga uliokandwa kwa mdomo wa kikombe. Visahani hivyo bado ni vitupu, havina maandishi wala sura. Hupashwa moto ili vilainike, huoshwa, kisha hupitishwa katika mashine nyingine inayovibana ukingoni, ili kila kimoja kipate ukingo ulioinuka kidogo.

Mwisho kisahani huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini. Pete ya chuma hukizunguka ili kisitanuke ovyo. Mihuri hukibana kwa nguvu nyingi, na kwa pigo moja tu sarafu hupata sura zake mbili pamoja na ukingo wake.

Katika kazi hiyo yote, mambo makubwa ni matatu: kisahani, muhuri na pigo. Na makosa yote ya kiwandani hutokana na moja la hayo matatu. Mwenye kuyashika haya amekwisha kupata nusu ya elimu ya sarafu.

Makosa ya namna tatu

Kosa la kwanza ni la kisahani. Pengine ukanda haukusogea vizuri, na kisu cha mviringo kikakata mahali palipokwisha kukatwa. Hapo kisahani hutoka na pengo, kama mkate ulioumwa. Pengine kisahani cha madini mengine huingia mashinani bila kuonekana. Wazee wetu walizijua sana sarafu zenye tundu, ambazo katika Kongo zilianza mwaka 1887. Na majirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika nao walizitumia kwa miaka mingi. Tundu la sarafu hizo hutobolewa kabla ya pigo la mihuri. Likitobolewa kando, au likisahauliwa, sarafu imekosewa.

Kosa la pili ni la muhuri. Chuma, hata kikiwa kigumu namna gani, huchoka. Muhuri ukipasuka, madini ya sarafu hujipenyeza katika ufa ule, na juu ya sarafu huonekana mstari ulioinuka. Muhuri ukimeguka ukingoni, sarafu huota donge lisilo na sura wala herufi. Kosa la muhuri halikai katika sarafu moja tu: hurudi katika kila sarafu inayopigwa kwa muhuri ule, mpaka mafundi watambue na kuubadili.

Kosa la tatu ni la pigo. Kisahani kikikaa upande, sura hupigwa nusu, na sehemu nyingine hubaki tupu kama mwezi mwandamo. Tena yaweza kutokea kwamba sarafu iliyokwisha kupigwa inang'ang'ania katika muhuri. Kisahani kinachofuata hakigongwi na muhuri tena, bali hugongwa na sarafu mwenzake. Hapo hutokea sarafu ya ajabu: upande mmoja una sura ya kawaida, na upande wa pili una sura ile ile, lakini imezama ndani na kugeuka, kama maandishi yanavyogeuka katika kioo.

Senti ya shaba ya mwaka 1943

Sarafu ya tembo aliyotuletea kijana yule haikupigwa Kongo, wala haikupigwa Ubelgiji. Mwaka 1943 Ubelgiji ilikuwa chini ya utawala wa majeshi ya Ujerumani. Kwa hiyo faranga mbili zile za pembe sita zilipigwa ng'ambo, katika kiwanda cha serikali ya Marekani mjini Philadelphia. Na katika kiwanda hicho hicho, mwaka huo huo, lilitokea kosa ambalo wapenzi wa sarafu wanalisimulia mpaka leo.

Vita vilikuwa vikila shaba kwa wingi. Shaba ya Katanga yetu nayo ilikwenda huko kwa mataifa yaliyopigana na Ujerumani. Serikali ya Marekani, ili kuokoa shaba, iliamuru senti moja ya mwaka 1943 ipigwe kwa chuma kilichopakwa zinki. Zikapigwa zaidi ya milioni 1,000, katika viwanda vya Philadelphia, Denver na San Francisco. Zilikuwa nyeupe, na sumaku ilizivuta.

Hata hivyo visahani vichache vya shaba vya mwaka 1942 vilikuwa vimebaki katika vyombo vya kiwandani. Vikaingia mashinani pamoja na vile vya chuma, vikapigwa mihuri ya 1943, vikatoka kwenda madukani na sokoni. Kiwanda cha sarafu cha Marekani chenyewe kinakadiri kwamba leo zimebaki zapata 40 tu. Moja ya hizo, iliyopigwa Denver, iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7.

Wakati ule ulivuma uvumi ya kwamba tajiri Henry Ford atampa gari jipya yeyote atakayempelekea senti ya shaba ya 1943. Uvumi ule haukuwa na ukweli. Lakini mwaka 1947 mwanafunzi mmoja wa miaka 16, katika jimbo la Massachusetts, alirudishiwa chenji katika chumba cha chakula cha shule yake, akaona kati ya sarafu zile senti ya shaba yenye mwaka 1943. Akauliza kwa kampuni ya Ford, akajibiwa kwamba uvumi wa gari ni uongo. Akauliza serikalini, akajibiwa kwamba mwaka 1943 haikupigwa senti ya shaba hata moja.

Kijana yule hakuitupa sarafu yake, wala hakubishana na mtu. Aliihifadhi zaidi ya miaka 70. Alifariki mwaka 2018, na mwezi wa Januari 2019 senti yake iliuzwa mnadani kwa dola 204,000. Kwa mapenzi yake mwenyewe, fedha zile zilikwenda katika maktaba ya mji wake. Hakika, subira huvuta heri!

Kosa hilo lilikuwa na kosa pacha. Mwaka 1944, Ubelgiji ilipokombolewa, kiwanda cha Philadelphia kilipiga faranga mbili milioni 25 kwa ajili ya Wabelgiji, na kwa kazi hiyo kilitumia visahani vya chuma vilivyosalia katika kazi ya senti za 1943. Lakini senti za Marekani za 1944 zilikuwa zimerudia shaba. Na tazama, ziko senti chache za 1944 zilizopigwa juu ya chuma! Mwaka mmoja shaba iliingia mahali pa chuma. Mwaka uliofuata chuma kiliingia mahali pa shaba.

Si kila kosa ni adimu

Mtu asidhani kwamba kila kosa lina bei ya nyumba. Bei ya sarafu hutokana na mambo mawili: ni ngapi zilizopo, na ni watu wangapi wanaozitafuta.

Mwaka 1955, Philadelphia tena, muhuri mmoja wa senti ulitengenezwa kwa kubanwa mara mbili, na mara ya pili ukawa umegeuka kidogo. Kwa hiyo herufi na tarakimu za mwaka zilitoka maradufu, zikaonekana waziwazi hata bila kioo cha kukuzia. Wakaguzi walipogundua, zaidi ya 20,000 zilikuwa zimekwisha kuchanganyika katika chungu ya senti nyingine. Wakaona ni hasara kuyeyusha chungu nzima kwa ajili ya kosa lile, wakaziacha zitoke. Nyingi zilipatikana katika pakiti za sigara: mashine ya kuuzia ilipokea senti 25, sigara zilikuwa za senti 23, na senti mbili za chenji zilitiwa ndani ya karatasi ya pakiti. Leo senti moja ya namna hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Katika Uingereza, mwaka 2008, sarafu ya peni 20 ilibadilishwa sura. Zamani mwaka uliandikwa upande wa nyuma. Katika sura mpya ulihamishiwa upande wa kichwa cha Malkia. Fundi mmoja akaweka muhuri wa zamani wa upande wa kichwa pamoja na muhuri mpya wa upande wa nyuma. Hakuna hata mmoja uliokuwa na mwaka! Zikatoka sarafu zisizo na tarehe, kati ya 50,000 na 200,000 kwa makadirio ya kiwanda. Habari ilipoenea watu walitaja bei za ajabu, lakini kwa kuwa sarafu zenyewe ni nyingi, bei ilishuka hata ikakaa mahali pake. Aliyekimbilia kununua siku za kwanza alipata hasara. Aliyengoja alinunua kwa akili.

Jinsi ya kuchunguza

Mchunguzi wa sarafu hahitaji vyombo vingi. Yamtosha kioo cha kukuzia, sumaku ndogo, mizani inayopima sehemu za gramu, na sarafu nyingine ya namna ile ile isiyo na kosa, ya kulinganishia. Hiyo ya mwisho ndiyo mwalimu mkuu.

Kwanza, atazame mstari. Mstari ulioinuka juu ya sarafu waweza kuwa ufa wa muhuri. Mstari uliozama ni mkwaruzo wa kawaida, uliotokana na kisu, jiwe au msumari baada ya sarafu kutoka kiwandani.

Pili, atazame pengo. Sarafu ya mviringo iliyokatwa vibaya tangu kisahani huwa na alama ambayo wadanganyifu wengi hawaijui. Mahali penye pengo, mashine ya kubana ukingo haikupata cha kubana. Na upande uliokabiliana na pengo haukubanwa vizuri pia. Kwa sababu hiyo ukingo wa upande ule wa pili huwa dhaifu, pengine hauonekani kabisa. Tena herufi zilizo karibu na pengo huwa zimefifia na kuvutwa kuelekea pengoni. Lakini sarafu iliyokatwa na mkono wa mtu, herufi zake huishia ghafula, kama kamba iliyokatwa kwa kisu.

Tatu, apime na kujaribu sumaku. Senti ya shaba ya 1943 ina uzito wa gramu 3.1 hivi, na ile ya chuma gramu 2.7 hivi. Wadanganyifu wengi wamepaka senti za chuma rangi ya shaba. Sumaku huwaumbua mara moja. Lakini wengine wamechukua senti ya shaba ya 1948 na kuchonga tarakimu ya 8 hata ikafanana na 3. Hiyo sumaku haiivuti! Hapo ndipo kioo cha kukuzia kinapofanya kazi yake, kwa kuwa 3 ya kweli ya mwaka 1943 ina mkia mrefu unaoshuka chini, na 8 iliyochongwa haiwezi kuwa nao. Twaona ya kuwa jaribio moja halitoshi.

Nne, ajihadhari na sarafu yenye vichwa viwili. Karibu zote ni kazi ya karakana: fundi huchukua sarafu mbili, hukwangua moja hata ikawa nyembamba, huchimba ya pili ndani, kisha huzibandika pamoja. Ukitazama vizuri kando ya ukingo wa ndani, utaona mstari wa kiungo. Kadhalika sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwa jiliwa huachiana alama zilizogeuka, lakini sura zao zenyewe huwa zimepondeka.

Tano, ajue ya kwamba moto, tindikali, nyundo na gurudumu la gari havizai sarafu yenye kosa, bali huzaa sarafu iliyoharibika. Wala tundu lililotobolewa na mama zetu ili sarafu ivaliwe shingoni si kosa la kiwandani. Ni pambo, na pambo lina heshima yake.

Jinsi ya kuhifadhi

Aliyepata sarafu ya kale asiisugue kwa mchanga, wala limau, wala majivu. Wengi wamefanya hivyo wakidhani ya kwamba kung'aa kutaongeza bei. La hasha! Sarafu iliyosuguliwa hupoteza ngozi yake ya asili, na mnunuzi mwenye ujuzi huikataa au hushusha bei. Aishike ukingoni, si usoni, maana jasho la vidole huacha alama. Aitie katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, mbali na unyevu, moja moja, zisikwaruzane.

Tena awe na daftari. Aandike ameipata wapi, siku gani, kwa nani, na ina uzito gani. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Sarafu yenye historia iliyoandikwa huaminiwa kuliko sarafu isiyo na mzazi.

Na anapouza, aseme ukweli. Anaponunua kwa mzee asiyejua thamani ya kitu chake, aseme ukweli pia. Kazi hii ya kukusanya sarafu zilizokosewa yote imejengwa juu ya neno moja: hivi ndivyo ilivyotoka kiwandani. Neno hilo likiwa la uongo, sarafu ni kipande cha chuma tu, na mwenye kuiuza ni mwizi.

Sarafu ya babu

Kesho yake kijana alirudi. Tulikuwa tumeazima kioo cha kukuzia, na rafiki yetu mmoja alitupa sarafu nyingine ya tembo ya mwaka ule ule. Tukaziweka pamoja mezani, tukamwachia kijana mwenyewe atazame.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu: «Herufi zimekatwa. Hazikuvutwa.» Akageuza sarafu upande. «Na hapa pana mikwaruzo inayokwenda njia moja. Ni tupa, Mwalimu.»

Hakuna aliyemwambia. Macho yake mwenyewe yalimwambia, baada ya kufundishwa pa kutazama.

Jioni alimwuliza bibi yake. Mama yule mzee alicheka hata machozi yakamtoka. Zamani, alisema, babu alikuwa na baiskeli, lakini hakuwa na bisibisi. Akaichonga pembe ya sarafu ile kwa tupa ili iingie katika skurubu, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa bisibisi ya nyumba nzima.

Mtu wa sokoni hakupata fedha zake. Kijana alilipa masomo yake siku ile ile. Sarafu imo katika bahasha kavu, na katika daftari lake kijana ameandika kwa mwandiko mzuri: «Faranga mbili, 1943, Philadelphia. Pembe moja imechongwa na babu.» Haitauzwa kwa bei ya nyumba, wala yeye hataki kuiuza tena.

Nanyi, wasomaji wapenzi, zitazameni vizuri sarafu za kale zilizo makabatini mwenu. Labda mtakuta kosa la kweli. Labda mtakuta bisibisi ya babu. Lakini akija mtu kuwaambia ya kwamba mna mali, naye anataka fedha kwanza, mwambieni angoje mpaka kesho. Sarafu ya kweli haiogopi kungoja, na mtu mkweli hali kadhalika.